Niliyemtunza Ukumbini Ibra

Mwenzangu Thuwaiba,

Kwanza salamu, halafu lawama kidogo, halafu habari. Salamu umezipata. Lawama ni kwamba simu zangu huzipokei, na mkweo Hanan, huko kwake Sur, amekuwa hodari wa kunambia umelala. Nikipiga asubuhi umelala, nikipiga adhuhuri umelala, nikipiga magharibi ndiyo kwanza umejinyoosha. Ungekuwa mtoto mchanga tungekupeleka kwa daktari kwa usingizi huo. Najua hulali. Najua kwamba tangu upate kiharusi na ulimi wako ukatae kazi, hutaki kusikiwa na mtu, na katika watu, mimi wa mwanzo. Basi nakuandikia. Barua inataka macho tu.

Habari ni kwamba wajukuu zetu wameurudisha mchezo wetu. Mchezo wa Mahari ya Pili umechezwa tena hapa Ibra, ukumbini, mbele ya wanawake waliojaa mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi. Ulipokwisha, wasichana waliwaomba watazamaji wote waandike maoni yao, wayatie katika kijitabu cha kumbukumbu. Wenzangu wameandika mstari mmoja mmoja, "Mashallah mumependeza," wakaenda zao. Mimi nimewaambia maoni yangu ni marefu na yana mwenyewe, na wakitaka kuyatia kijitabuni wayatie kama yalivyo. Ndiyo maana utaisoma barua hii huku wengine wanakuchungulia begani. Maradhi yako sikuyafichua mimi. Ulimkataza Hanan asiwaambie watu wa nje, na masikini hakuwaambia. Lakini wewe uliyeimba harusi zote za Sharqiyah ukinyamaza msimu mzima, watu hawangoji kuambiwa na daktari.

Picha za mchezo hutaziona, kwa sababu hazipo. Unazijua kumbi za wanawake: simu zilikusanywa zote mlangoni, na mwanamke aliyejaribu kuficha ya pili ndani ya buibui aliwekwa nje kwa adabu mpaka akaitoa. Kwa hivyo kila mtu ametoka na mchezo wake kichwani, na hakuna wa kumsuta. Utaletewa masimulizi kutoka Nizwa, utaletewa kutoka Sinaw, na kila mmoja ataapa. Sikiliza na yangu. Mimi ni mwalimu wa hesabu mstaafu, sikio la muziki sina, na machozi si fani yangu. Shahada hiyo ulinitunuku wewe mwenyewe.

Nianze na mlango wa kati, kwa sababu mchezo ulianzia hapo.

Marehemu bwana wetu alipokuoa alijenga nyumba ya pili ubavuni mwa yangu, akaacha mlango baina ya ua wangu na ua wako. Alidhani mlango ule ni wake, wa kupitia zamu zake. Mimi nilikuwa nimejitayarisha kwa vita. Nilikwisha kupanga siku gani nitakununia na siku gani nitakupa salamu ya ncha ya ulimi. Wiki ya pili mlango ukagongwa, ukaingia wewe na sahani ya vitumbua. Ukaniamkia shikamoo, ukanitazama kutoka utosini mpaka miguuni, halafu ukasema, "Dada, wewe mrefu, mashallah. Ungekubali kuwa mwanamme?"

Nikakuuliza kama una homa.

Ukaeleza umekaa chini, bila ya kukaribishwa. Idi inakuja, ulisema, na wanawake wote tuliotoka Unguja na Pemba tukaja kukaa hapa Oman tunakaa tu kama mizigo bandarini, hatuna pa kucheka. Mamako alikuwa na mchezo wa nyimbo waliokuwa wakiucheza katika chama chao cha wanawake huko mjini Unguja, wanawake watupu, waume na wake wote wao. Wewe unaujua wote kwa moyo. Umeshapata kadhi, umeshapata washenga, umepata hata punda. Tajiri tu ndiye hakupatikana, kwa sababu Ibra nzima wanawake wafupi.

Kwa hivyo vita vyangu viliisha kabla ya kuanza. Nilivaa kanzu ya bwana wetu na kilemba chake, ukanichora masharubu kwa wanja. Kila ulipochora ulicheka, na kila ulipocheka sharubu moja lilipanda juu kuliko jengine. Tukacheza kwenye ua, na mlango wa kati ndio uliokuwa mlango wa nyumba ya tajiri.

Wasomaji wengine hawaujui mchezo, basi niwaambie kwa ufupi. Tajiri anasafiri, anakawia miaka, anarudi na ndevu mpya na jina jipya. Anajifanya mgeni, anamposa mkewe mwenyewe ili amjaribu. Mke anamjua tangu kikohozi cha kwanza nje ya mlango, lakini anakaa kimya. Anamwacha apose, anamwacha alete washenga, anamtoza mahari mara ya pili kwa mke aliyekwisha kuwa wake. Mwisho kabisa, harusi imeshapambwa, ndipo anapomwimbia kutoka nyuma ya mlango:

*Hodi yako naijua, kabla hujaitamka,*
*Hatua naitambua, japo umebadilika,*
*Komeo nimefungua, wangojani kunifika.*

Ulipoiimba mara ya kwanza, wanawake hawakupiga hata kigelegele. Walisahau. Bwana wetu alikuwa amefukuzwa nyumba zote mbili, amekaa barazani kwa jirani na finjani ya kahawa, na sauti yako ilimfika huko juu ya kuta. Kesho yake alitutazama sote wawili kwenye chai akasema, "Wake zangu wamechumbiana wenyewe. Mimi nimebaki mshenga." Maneno hayo aliyarudia kila Idi mpaka anakufa, na kila Idi alicheka kama ndiyo kwanza ameyatunga.

Tajiri naye ana ubeti wake wa kumjibu mkewe. Siku ya mazoezi niliuimba. Ulinisikiliza mpaka mwisho, mkono kifuani, ukasema, "Dada, wallahi nakupenda. Lakini wewe usiimbe. Ukifika hapo kohoa tu, uingie." Basi nikawa nakohoa na kuingia, na miaka yote tuliyoucheza mchezo ule Ibra haikupata kuusikia ubeti wa tajiri. Nilikuuliza mara moja kama angalau unaweza kunitunza siku moja kwa kukohoa vizuri. Ukanijibu, "Siku utakayoimba vizuri nitakutunza. Si kabla."

Na wewe ulikuwa mkali kwa jambo hilo. Kwetu maoni ya mchezo hayakuwa yakiandikwa vijitabuni. Anayependezwa anainuka kitini pake, anakwenda mpaka jukwaani mbele ya watu wote, anamtunza mwimbaji: noti, au kikuba cha asumini, au pete kutoka kidoleni mwake. Asiyependezwa anakaa, anatengeneza shela yake, anatazama taa. Wewe ulitunzwa mpaka ukalazimika kuweka kapu. Mimi katika maisha yangu yote ya masharubu sikutunzwa na mtu, na wewe uliyekaa nami meza moja ulikuwa wa kwanza kutazama taa.

Sasa nije kwa watoto.

Walinijia wawili pamoja, Asila wako, huyu anayefanya kazi kwenye kambi ya watalii huko Mintirib, na Shaima wangu anayesoma Nizwa. Wakaniamkia kwa zamu, jambo lililonitia wasiwasi papo hapo, kwa sababu Shaima akiniamkia vizuri huwa anataka kitu. "Bibi, tunataka kufanya ile mchezo yenu," akasema. Nikamwambia mchezo haukuwa wangu, wa Bibi Thuwaiba. Asila akajibu kwamba amekwisha kukuuliza, na wewe uliitikia kwa kichwa. Sijui kama ni kweli. Nilichagua kuamini.

Maneno niliwapa mimi, kutoka kichwani, nao wakayaandika kwa herufi za Kiarabu kwa sababu ndizo zinazowajia upesi. Kiswahili chao unakijua. Shaima anasema "mlango yangu" na "mahari mingi", na Asila akikwama anamalizia kwa Kiarabu kama mtu anayevuka mtaro kwa ubao. Niliwasahihisha mpaka nikachoka, halafu nikawaacha. Kitu kimoja walichokitaka kwa lazima ni mlango wa kati wenyewe. Wakamleta seremala akaung'oa na mwimo wake, ukapakiwa kwenye pikapu, ukapelekwa ukumbini. Siku hizi baina ya ua wangu na ua wako pana pengo.

Kuhusu waliocheza, haya ndiyo niliyoyasikia kwa masikio yangu, maana nilikaa mstari wa mbele na nyuma yangu walikuwa wenye ndimi zao.

Shaima alivaa kanzu ya babu yake. Alipotokea tu, Bi Zuhra wa Nizwa, yule asiyependa kitu tangu azaliwe, alisema kwa sauti ya kusikiwa mpaka jukwaani, "Kilemba hicho kakifunga nani? Hicho cha watu wa Nizwa, si cha tajiri wa Sharqiyah." Mwengine akamwambia, "Si wewe mwenyewe wa Nizwa?" Akajibu, "Ndiyo maana najua." Shaima alisikia, akakigusa kilemba chake, akaendelea. Nilimpenda kwa hilo. Masharubu waliyanunua dukani, ya kubandika, na yamekaa sawasawa pande zote mbili. Hayakuchekesha.

Muziki ulitoka kwenye kompyuta. Ngoma ya dumbaki ilikuwapo, lakini ya kuonekana tu. Wakongwe walinung'unika sana kwa hilo, na vijana wakasema ndiyo muziki wao, na mimi kama ujuavyo sikuona tofauti.

Kadhi alifana. Kadhi huwa anafana siku zote, ana kitambi na hana wimbo.

Wasichana kutoka Tanga na Mombasa wanaofanya kazi majumbani waliletwa na mabibi zao, wakakaa nyuma, na kila kichekesho walikicheka wao mwanzo, wajukuu zetu wakafuatia baada ya kutafsiriwa. Mmoja alipoona tajiri anajifanya mgeni alipiga makofi akasema, "Huyo mume mie ningemwacha hapo hapo nje, alale na hiyo mahari yake!" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Bi Zuhra naye alicheka, halafu akajikumbuka akakunja uso.

Kuhusu Asila wako watu waligawanyika, nami nitakwambia bila ya kukupamba. Umbo ni lako. Ile namna yako ya kukaa nyuma ya mlango na kidole kimoja kwenye komeo anayo, wala hakufundishwa na mtu. Sauti ni nzuri, lakini ni ya mtu mwengine. Nyembamba zaidi, na safi zaidi. Upande mmoja nilisikia, "Damu haipotei." Upande wa pili, "Kama Thuwaiba hayupo, kwa nini wanamchokoza?" Wote walikuwa na haki ya kusema, walikuja wenyewe na wakakaa mpaka mwisho.

Ukafika wimbo. Taa wakazipunguza, mlango wetu umesimama peke yake katikati ya jukwaa, Shaima upande huu, Asila upande ule. Asila akaimba, *Hodi yako naijua, kabla hujaitamka.* Vizuri kabisa. Akavuta pumzi ya mstari wa pili. Haukuja. Akafungua kinywa, kikabaki wazi, macho yake yakatutazama, na pakawa kimya. Kompyuta iliendelea peke yake kidogo, halafu na yenyewe mtu akaizima.

Nyuma yangu Bi Zuhra akasema taratibu, "Ishamshinda."

Mimi nilikuwa namtazama yule mtoto na kinywa chake kilichofunguka bila ya neno, na sikumwona yeye. Nilikuona wewe, chumbani kwako Sur, na Hanan anakuuliza unataka maji au unataka uji. Nilihuzunika, mwenzangu. Nasema hivyo hivyo, bila ya kuipamba. Nilihuzunika kiasi ambacho kiti kilinishinda, nikainuka.

Unajua magoti yangu. Kutoka kitini mpaka jukwaani pana ngazi, na ukumbi mzima ulinitazama nikizipanda kwa bakora, kimya kile kile bado kimeshika. Nikamfika Asila. Nikavua bangili yangu nikamtia mkononi.

Bangili gani, huna haja ya kuuliza. Bwana wetu hakupata kununua kimoja. Akininunulia mimi khanga, na wewe ile ile. Redio mbili, masufuria ya biriani mawili, hata ule mwaka alioleta saa za ukutani zilikuwa mbili, na yako ilikimbia na yangu ilichelewa. Aliogopa kuulizwa na Mola wake. Bangili zilikuwa pacha, nakshi moja, sonara mmoja, na kila mwanamke wa Ibra mwenye umri wangu anazijua. Yangu sasa iko mkononi mwa mjukuu wako. Yako, Hanan amenambia, walitaka kuivua hospitali ukawatazama kwa jicho wakaiacha.

Nilipokwisha kumvisha, sauti moja kutoka nyuma, ya mtu mzima, ikaanza, *Hatua naitambua.* Ya pili ikaipokea. Halafu wote, Thuwaiba, wote waliowahi kukaa kwenye ua wetu wakila halwa yetu. Wanawake wenye sukari na presha na miwani, waliokuwa wakidai wamesahau, wakauimba mstari wako mpaka mwisho wake. Asila akalia, akacheka, akauchukua mstari wa tatu mwenyewe. Na baada yake Shaima, mrefu kama mimi lakini kajaaliwa koo, akauimba ule ubeti wa tajiri uliokatazwa Ibra miaka yote:

*Nimekuja sina neno, nimekaa barazani,*
*Sina tena mashindano, nalotaka ni amani,*
*Ninyoshee tu mkono, nijue uko nyumbani.*

Nilikuwa sijapata kuusikia ukiimbwa na mtu anayejua kuimba. Ni ubeti mzuri. Sasa naelewa kwa nini ulinizuia.

Basi maoni. Jumatano iliyofuata nilikwenda soko la wanawake, unajua hapo wanaume hawaingii na neno halifichwi. Bi Zuhra alikuwa amekuja kutoka Nizwa kwa ajili ya vitambaa, ama kwa ajili yangu. Alinisimamisha penye mabuibui. "Mwalimu," akasema, "mimi nakuheshimu. Lakini umefanya jambo gani lile? Mtu hutunzwa akiimba. Wewe umemtunza mtoto kwa kusahau! Kesho wote watasahau wapate dhahabu."

Muuza mabuibui akadakia, "Hakumtunza kwa kusahau, bibi. Kamhurumia, mtoto alikuwa anaadhirika."

"Huruma inatoa kitambaa cha machozi," Bi Zuhra akamjibu. "Haitoi bangili ya marehemu."

Mwengine, simjui hata jina, alikuwa anapima khanga, akasema bila ya kugeuka, "Hakumtunza yule mtoto kabisa. Kamtunza mwenzake aliye Sur." Wote wakanitazama, na muuza mabuibui akauliza, "Ni kweli, Mwalimu? Ulimtunza nani?"

Nilimuuliza bei ya wanja, nikanunua, nikaenda zangu. Swali lilikuwa la haki, lakini jibu halikuwa lao.

Jibu ni hili. Bi Zuhra kakosea kwa mengi, lakini kwa hilo moja yuko sawa: kwetu hatutunzi kimya. Hakuna aliyewahi kuinuka kitini akamtunza mwimbaji ambaye haimbi. Mimi niliinuka. Nimekusikia ukiimba miaka ambayo siwezi kuihesabu, na nimekusikia ukigomba na muuza samaki, ukimwita mwana, ukinong'ona habari za watu juu ya mlango wa kati mpaka bwana wetu akauliza kama hatuna usingizi. Yote hayo sikukutunza, nilikuwa na masharubu na nafasi ya kutunza haikuwa yangu. Siku ya kwanza kupata nafasi ilikuwa kimya. Nikakitunza hicho.

Siku ile niliyokuja Sur, Asila akinileta kwa gari, nilikaa na Hanan sebuleni. Tulikunywa kahawa, tukala tende, akasema umelala. Mlango wa chumba chako ulikuwa umefungwa, na nyuma yake nilisikia televisheni ikizimwa. Aliyelala hazimi televisheni. Nilimaliza kahawa yangu, nikatikisa finjani kuonyesha imenitosha, nikaaga. Njia nzima, Al Kamil mpaka Bidiyah mpaka nyumbani, nilizihesabu nguzo za taa. Nilikasirika, sasa nimeacha. Nadhani nakuelewa. Watu wengine wakikukuta huna sauti watamkuta mgonjwa. Mimi nitakukuta wewe bila ya sauti, na unaogopa nitafanya hesabu ya kilichopungua.

Nimeshaifanya. Nimeifundisha hesabu maisha yangu yote, na nakwambia umebaki mzima.

Ninachotaka ni kuketi na wewe kabla mmoja wetu hajatangulia. Hakuna jengine ndani ya barua hii. Hayo ya vilemba na kompyuta nimeyatia ili uisome mpaka hapa.

Kwa hivyo Ijumaa, baada ya sala, Asila atanileta. Usimtume Hanan aseme umelala. Ukifunga mlango nitakaa kwenye baraza yenu, watu wa Sur wakipita nitawaamkia mmoja mmoja, na wakiniuliza namngoja nani nitawaambia. Kanzu ya bwana wetu nimeipiga pasi. Wanja ninao. Masharubu nitachora mwenyewe, na kwa mkono wangu huu unaotetemeka usitarajie yakae sawa.

Nimekuwa nikifanya mazoezi ya ubeti wa tajiri jikoni. Shaima anasema naukosa kila pahala na kwa namna mpya kila siku. Paka wa jirani amehama. Lakini nitauimba wote, mistari yote mitatu, mbele yako, na safari hii huwezi kunambia nikohoe.

Wewe usiseme kitu. Sikuombi neno, wala sauti, wala uniambie kama nimeimba vizuri. Ukiona nimeimba vibaya, tazama taa kama ulivyokuwa ukitazama, nami nitajua mwenzangu yupo na hajabadilika. Ukiona nimestahiki, si lazima uinuke. Ile bangili usiivue, ikae. Ninyooshee tu mkono, wowote katika miwili utakaokutii.

Mlango wa kati watoto bado hawajaurudisha. Nimemwambia seremala asiharakishe.

Mke mwenzako wa Ibra,
tajiri wako ambaye hajatunzwa bado